Debe la Maji na Gesi ya Chungwa

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ilikuwa kuwalaza wagonjwa usingizi, huniuliza habari za damu. Hakuna anayeniuliza habari za maji. Na anayetaka kujua ukweli wa chumba chetu cha upasuaji, katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Zombe, Ukambani, miaka ya sitini ikielekea kwisha, inabidi aanze na maji. Kabla ya kumlaza mgonjwa tulilowesha sakafu, na maji hatukuwa nayo.

Dawa za usingizi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni etha. Etha ilinuka, iling'ang'ania nguo zangu mpaka kanisani watu wakanikalia mbali, na mgonjwa alipigana nayo muda mrefu kabla ya kutulia. Ya pili ilikuwa gesi, katika mtungi mdogo wenye rangi ya chungwa. Jina lake ni saiklopropani, lakini sisi tuliiita gesi ya chungwa. Harufu yake ilikuwa tamu. Mgonjwa alivuta pumzi chache akawa amekwenda, wala moyo wake haukulegea, ndiyo maana daktari aliiweka akiba kwa wale waliofika wakiwa wamepoteza damu nyingi. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kupigana na etha.

Ubaya wake ulikuwa mmoja, nao ulitosha: gesi ile ikichanganyika na oksijeni hulipuka. Cheche ndogo tu, kama ile inayotoka ukivuta blanketi la sufu wakati wa kiangazi, ingeweza kutupeleka wote mbinguni pamoja na meza. Na Ukambani mwezi wa tisa hewa imekauka hata ukichana nywele unasikia zikilia. Kwa hiyo hatukuvaa nailoni wala sufu. Viatu maalumu vya kazi ile hatukuwa navyo, basi tuliingia miguu mitupu. Na sakafu ya saruji tuliilowesha kila kona ili umeme wa nguo uteremke chini polepole badala ya kuruka.

Daktari wetu, bibi mmoja mzungu mwembamba asiyecheka ovyo, hakuamini katika kutii bila kuelewa. Siku ya kwanza aliponikabidhi ule mtungi alichukua chaki akanichorea mlangoni. Kaboni ina mikono minne, akasema, na kila mkono unapenda kukaa mbali na mwenzake. Ukizipanga kaboni kwa mstari, mikono inakaa kwa raha. Lakini hii gesi ni kaboni tatu zilizoshikana kwa duara, na duara la watatu ni pembetatu. Mikono imepindwa, imebanwa pembeni, haina raha hata kidogo. Nguvu iliyotumika kuipinda imebaki mle ndani inangoja. Akachora pembetatu, akaigonga kwa kidole, akasema, "Hii ina hasira."

Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane na kozi ya uuguzi juu yake. Nilipenda pembetatu ile kuliko nilivyopenda vijana waliokuwa wakiniandikia wakati huo. Nilikuwa nimezoea dunia ambayo mambo hutokea kwa sababu ya laana, au kwa mapenzi ya Mungu, au kwa jicho la jirani. Hapa palikuwa na kitu kinacholipuka kwa sababu kimepindwa, basi, na ukijua kimepindwaje unakaa nacho salama. Kwa kweli nilijiona mtu mkubwa.

Maji yalitoka mtoni, na mto wetu mwaka mzima ni mchanga tu. Wanawake walichimba visima mchangani, wakasubiri maji yajikusanye, wakayachota kwa kibuyu. Kiangazi kikikaza, kisima kilikuwa kirefu kumzidi anayechimba. Hospitali ilikuwa na punda wawili, hawakutosha. Ndipo ukawekwa utaratibu: anayekuja kupasuliwa, jamaa zake waje na debe moja la maji. Watu walinung'unika lakini walileta. Walidhani ni maji ya kumwosha mgonjwa wao, au ya kunywa daktari. Tuliyapokea mlangoni, tukafunga mlango, na kilichofuata hakuna jamaa aliyewahi kukiona.

Sasa mama yangu. Mama alikuwa ameokoka tangu ujana, na si kuokoka kwa mchezo. Aliongoza akina mama wa kanisa, aliomba mpaka jasho likamtoka, na ukimletea habari za waganga alikutoa nje na kikombe chako cha chai mkononi. Ilikuwa lazima awe mkali hivyo. Baba yake, babu yangu, alikuwa mmoja wa wazee wa ithembo, ile miti mikubwa mahali pa tambiko, na mama utotoni alikuwa amefuata nyuma akibeba kibuyu. Aliyajua mambo yale kwa macho yake, akayaacha, na aliyeacha kitu anachokijua huwa mkali kuliko ambaye hakukijua kamwe.

Na mwaka ninaousema ulikuwa mbaya. Mvua ilikuwa imekatalia mbali, mbaazi zilikauka zikiwa na maua, na wazee walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakitaka kila mji utoe kitu cha kupeleka ithembo. Watu wa kanisa walikataa. Mama alikataa kwa sauti kubwa, pale sokoni, watu wakisikia. Mzee mmoja alimwambia, "Tutaona aimu watakufanya nini." Aimu ni mizimu, roho za wazee waliotangulia. Mama akamjibu kwamba hao aimu wake wangeanza kwa kujitafutia maji ya kunywa. Soko lote lilicheka, ila yule mzee.

Haukupita muda mrefu, dada yangu mdogo akaanza kutokwa na damu. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Mume wake alikuwa kazini Mombasa. Majirani walimleta asubuhi kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne, wakibadilishana na wengine njiani. Mama alikuja nyuma yao na debe la maji mgongoni, ukanda umekaza kwenye paji la uso, mkononi ana kijiti kibichi chenye majani cha kumpungia dada nzi. Nilipofunua shuka nilijua mara moja. Kondo la nyuma lilikuwa limetangulia mtoto, likazuia njia, na damu ilikuwa ikitoka bila hata uchungu. Midomo ya dada ilikuwa na rangi ya majivu. Aliniangalia akasema, "Umeniona?" kama tulivyokuwa tukifanya utotoni tukicheza kujificha, nikamwambia nimekuona.

Daktari alisema ni gesi ya chungwa, na ni sasa hivi. Mama akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali. Tukamweka dada kwenye machela, na kwa sababu ya haraka machela yakabaki katikati ya mlango, mlango wazi, mama ameshika upande wa kichwa. Mimi nikachukua debe nikaanza kumwaga. Nilikuwa na mazoea yangu: nilianza pale kichwa kitakapokaa, nikazunguka meza taratibu kuelekea miguuni.

"Unafanya nini?"

Nilimjibu bila kugeuka kwamba nalowesha sakafu.

"Nimekuuliza, unafanya nini?"

Hapo niligeuka. Mama alikuwa akituangalia mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nilijiona anavyoniona yeye. Tuko miguu mitupu. Tumefunga vichwa. Hatuongei kwa sauti. Kuna meza katikati, kuna kisu mezani, na binti yake anamwaga chini maji ya mwaka wa njaa, akizunguka kutoka kichwani kwenda miguuni, kabla kisu hakijakata, kama mzee wa ithembo. Aliachia machela? Thubutu! Aliyashika kwa mikono yote miwili.

"Mrudisheni nyumbani," akasema.

"Mwaitu!" Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, atakufa."

"Afe akiwa wa Bwana. Sitakubali apone kwa tambiko. Mimi niliwakataa wale wazee sokoni, leo nije kuwafuata huku kwa wazungu? Mrudisheni!"

Wale wanaume wanne walikuwa bado nje wakijifuta jasho, na wakasimama. Daktari alisikia yote, maana Kikamba alikijua. Alisema kwamba bila ruhusa ya mama hakati, na bila sakafu kulowa hafungui ule mtungi. Kisha akanigeukia. "Mweleze ni sayansi."

Ati nimweleze ni sayansi! Damu ilikuwa inadondoka kutoka kwenye machela, naisikia. Nilikasirika. Nilimkasirikia mama na wokovu wake, nikamkasirikia babu na miti yake, nikamkasirikia daktari kwa utulivu wake. Nilimpokonya mama kile kijiti cha nzi. Nikakipukusa majani, nikakipinda hapa, nikakipinda pale, nikakibana kwa vidole kikawa pembetatu ndogo inayotetemeka mbele ya uso wake.

"Mwaitu, kijiti hiki kinataka nini?"

Akavuta machela kuelekea nje.

"Kinataka nini?"

"Kinataka kunyooka," akasema.

"Na nikiachia?" Nikaachia. Kikafyatuka kikanichapa kidevuni. "Hii dawa ndivyo ilivyo. Kila chembe yake imepindwa hivi, ni pembetatu tupu, inangoja kufyatuka. Ikipata cheche ya nguo zetu inafyatuka yote pamoja na sisi tumekwisha. Maji yanazuia cheche. Hakuna aimu hapa. Ni hayo tu, Mwaitu. Ni hayo tu!" Nilikuwa napiga kelele. Sijawahi kumpigia mama kelele kabla ya siku ile, wala baadaye.

Alikiangalia kijiti. Akamwangalia dada, ambaye macho yalikuwa yameanza kupinduka. Kisha akaachia machela, akaingia ndani kwa miguu yake yenye vumbi, akaninyang'anya debe.

"Nipe nimalizie," akasema.

Akamalizia. Alimwaga kutoka pale nilipoishia mpaka miguuni, polepole, midomo ikichezacheza. Nilijua anaomba. Alipomaliza aliliweka debe chini, akatoka nje bila kutuangalia, akafunga mlango mwenyewe.

Dada alivuta pumzi sita au saba akalala. Nilishika ule mfuko wa mpira wa gesi na kuusikiliza, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa hiyo, na mtu akiwa kazini hana dada. Mtoto alitoka mweupe, kimya, kisha akalia. Msichana. Dada alikaa wiki kadhaa akiwa dhaifu kama uzi, lakini alisimama. Mumewe alipopata mahali pa kulima kule Kibwezi, karibu na mto, walihamia huko, na wakapata wengine wawili.

Mimi niliipenda hadithi ile. Niliisimulia kwa wanafunzi wa uuguzi mwaka baada ya mwaka, hata baada ya gesi ya chungwa kuacha kuletwa na mtungi wa mwisho kubaki stoo ukikusanya vumbi. Niliwaonyesha kijiti. Niliwaambia kwamba mtu yeyote, hata mama mzee asiyejua kusoma, ukimwonyesha kitu kilivyo, ataelewa. Walicheka nilipofika kidevuni. Mama alikuwa mfano wangu bora.

Kuhusu mama hakuna mengi. Aliachia uongozi wa akina mama, akisema umri. Kanisani alianza kukaa nyuma. Siku za Meza ya Bwana sahani ya mkate ilipomfikia aliipitisha kwa jirani, na kikombe vilevile. Tulipomuuliza alisema meno, tukamwambia Mwaitu, mkate wenyewe ni kama ukucha, akasema basi ni tumbo. Dada alidhani amekosana na mchungaji. Mchungaji akabadilishwa, akaja mwingine, na mwingine, na mama akaendelea kupitisha sahani. Mtu mzima ana mambo yake. Tulimzoea.

Yule mtoto aliyetoka mweupe alikua mrefu, mbishi, akafika chuo kikuu, na miaka ya tisini ilipoanza alikuwa akisomea kemia. Kemia! Nilijisifu kana kwamba nilimzaa mimi. Likizo moja alikuja kukaa nasi, na jioni, mama akipepeta mbaazi uani, nikamwambia anichoree kile anachosoma. Akafuta mchanga kwa kiganja, akachora kwa kidole pembetatu yangu.

"Hii tunaiita iliyokazwa, mama mkubwa. Mikono ya kaboni inataka nyuzi mia na tisa na ushee. Hapa inapewa sitini."

"Ina hasira," nikasema.

Akacheka. Akaniambia kwamba hata gesi isiyopindwa ingelipuka ndani ya oksijeni, kule kupindwa kunazidisha tu, na kwamba daktari wangu alitia chumvi kidogo. Nilinuna. Lakini alikuwa amekwisha kunogewa. Akanichorea ya wanne, mraba, akasema ndiyo iliyo ndani ya penisilini niliyodunga watu maisha yangu yote: kijidudu kikiishika inafyatuka na kukinasa, ndivyo kinavyokufa. Akasema hata kwenye pareto, ile dawa ya mbu, imo pembetatu. Nilikaa pale nimeshika kidevu. Vitu hivi nilikuwa nimevishika kwa mikono yangu miaka yote na sikujua kwamba ni ukoo mmoja.

"Mwulize nyanya yako," nikamwambia. "Yeye aliielewa hiyo pembetatu kabla yako, na kwa kijiti tu."

Mama hakuacha kupepeta. "Mimi?" akasema. "Mimi sikuelewa kitu."

"Mwaitu, si ulisema kinataka kunyooka?"

"Kijiti, ndiyo. Kijiti kila mtu anakijua." Akapuliza makapi. "Hayo mengine uliyokuwa ukipiga kelele, sijui dawa, sijui pembe, sikuamini hata neno moja. Nilijua ni tambiko. Nimeyaona kwa baba yangu, wewe ungenifundisha nini?"

Nilimwuliza, na sauti yangu niliisikia inatoka mbali, kwa nini basi alichukua lile debe.

"Ulikuwa umemwaga nusu," akasema. "Kwa baba yangu, anayemaliza kumwaga ndiye mwenye tambiko. Anayeanza anasaidia tu. Nikaona mmoja wenu anakufa, na mwingine anajitia kwa aimu, naye bado kijana hajui anachofanya. Nikamwambia Bwana, hawa wote wawili niachie, hili liandikwe kwangu." Akamwangalia mjukuu wake. "Na huyu sikujua kama yupo hai. Huyu alikuwa nyongeza."

Mpwa wangu alikuwa bado ameinama juu ya michoro yake, kidole mchangani. Hakukiinua.

"Kwa hiyo mkate," nikasema.

"Mtu aliyetambika atakulaje mkate?" Alisema kana kwamba nimeuliza ng'ombe hula nini.

Nililia. Mimi si mtu wa machozi, nimeona wengi wakifa mezani na nikaenda kula chakula cha mchana, lakini siku hiyo nililia mbele ya mtoto. Nikaanza upya, nikamwambia Mwaitu, haikuwa tambiko, ulikuwa ni umeme wa nguo tu, muulize mjukuu wako, kasoma, maji yanazuia cheche. Mpwa wangu akasema ni kweli, nyanya, ni kweli kabisa. Mama alitusikiliza sote wawili kwa adabu mpaka tukaishiwa.

"Labda," akasema. "Lakini mimi nilimwaga nikijua ninamwaga nini." Akachukua ungo wake akaingia ndani kuweka mbaazi jikoni.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Tulikaa naye nyuma, sote watatu kwenye benchi moja. Sahani ilianzia kwa mpwa wangu, akachukua kipande chake akala. Ikafika kwa mama, akaishika kwa mikono miwili kidogo, kama kawaida yake, halafu akanipa. Nilikuwa sijawahi kuacha kuchukua tangu nibatizwe. Niliangalia vile vipande vidogo, nikaona vidole vya mama bado viko ukingoni mwa sahani vikinisubiri niishike vizuri isianguke. Nikaishika. Nikaipitisha kwa aliyefuata.